Daftari la wiki: Mzuka wa saa kumi jioni

Jumatatu. Shule zimefungwa, na binti yangu wa miaka 5 ameangalia katuni kwenye simu ya mamake hadi ikamjia hamu. Ijumaa ni tarehe 31 Oktoba. Anataka kujifunika shuka jeupe, awe mzuka, abishe hodi nyumba kwa nyumba usiku akidai peremende. "Ni Halloween, Baba. Kila mtu anafanya." Kila mtu, nilipochunguza, ni watoto wawili wa kwenye katuni.

Usiku nimekataa papo hapo, na si kwa ajili ya mizuka. Mji wa Voi na mbuga ya Tsavo Mashariki ni pua na mdomo, na kiumbe wa kuogopwa gizani huku ana mkonga. Kule Sagalla anakoishi mama yangu kuna wakulima waliozungushia mashamba waya wenye mizinga ya nyuki. Ndovu akiugusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anageuza njia. Mtoto aliyevaa shuka hana hata mzinga mmoja.

Tumekubaliana saa kumi jioni. Amenuna, kwa sababu mzuka wa mchana, anasema, ni mtu tu.

Jumanne. Nimenunua malenge sokoni. Nilikuwa nimefika jicho la pili mama yangu alipoingia, ameshuka mjini na kikapu chake.

"Unalitoboa macho la nini?"

"Ni taa, mama."

"Kwani stima imepotea?"

Nikamweleza kwamba Waayalandi walianza kwa kuchonga tanipu, wakahamia malenge walipofika Marekani kwa kuwa huko yalikuwa tele, na ni laini kukwangua. Na kwamba jina lenyewe la Halloween linatokana na mkesha wa Watakatifu Wote. Alisikiliza vizuri sana huku akininyang'anya kisu. Nyama ya malenge ikaenda kwenye maharagwe, jioni tukala kimanga. Mbegu zikaanikwa kwenye ungo, maana mvua za vuli zinanukia. Ganda lenye macho mawili na bila mdomo ndilo tuliloachiwa sisi, na kusema kweli linatisha kuliko kama lingekuwa na meno.

Jumatano. Nimekuwa nikifikiria habari ya saka, ugonjwa wa kushikwa na pepo.

Msomaji wa Taita aliyelelewa na wazee huenda amelisikia neno hilo likitajwa kwa sauti ya chini. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyeishi milimani kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliliandikia makala mwaka 1957. Mwanamke aliyeolewa anashikwa na mtetemeko, fahamu zinapotea. Na anataka kitu: sukari, ndizi, sigara. Wakati mwingine tiba ilikuwa ngoma, na aliyeshikwa huingia uwanjani amevaa nguo za kiume, kofia kichwani na fimbo mkononi.

Soma tena orodha hiyo. Pepo, mavazi ya kuazima, na sukari inayodaiwa bila haya. Halafu mtu aniambie mambo ya Halloween hayajawahi kuonekana Taita.

Harris aliona pia kwamba vitu hivyo vingi vilikuwa vya kununuliwa, na fedha za kununulia zilikuwa mikononi mwa wanaume. Mke alilima, mume akapokea mshahara. Kilo ya sukari ambayo mke angeiomba kwa adabu mwaka mzima asiipate, pepo aliipata kwa jioni moja. Sisemi walikuwa wanaigiza. Mtu anaweza kuumwa kweli, na ugonjwa wake ukajua mahali fedha zilipofichwa.

Nilimuuliza mama kama aliwahi kuiona. "Hiyo si ya kuchezewa na watoto," akasema, akarudi kwenye mbegu zake. Nyumba nzima ikakaa kimya kidogo.

Alhamisi. Binti anauliza kama Voi ina mizuka yake. Nikamwambia juu ya simba wawili wa mwaka 1898, waliowala vibarua wa reli kwenye daraja la mto Tsavo. Madume, lakini hawakuwa na manyoya ya shingoni. Patterson, mhandisi aliyewaua Desemba ya mwaka huo, aliandika kwamba vibarua waliwaona kuwa mashetani, roho za machifu wawili waliokasirishwa na reli kupita kwenye ardhi yao. Mwaka 1924 aliuza ngozi zao kwa jumba la makumbusho la Chicago kwa dola 5,000, na huko wamesimama hadi leo.

"Marekani?"

"Marekani."

"Basi si ndiyo maana wao wana Halloween."

Ijumaa. Nyumba nne, mwangaza wa kutosha. Ya kwanza, jirani alifungua mlango akaona shuka lenye matundu, akaniona mimi nyuma yake, akauliza, "Mchango wa nini? Kadi iko wapi?" Ya pili ni ya mpendwa mmoja wa kanisa la jirani, akalikemea shuka kwa dakika tatu nzima, kisha akampa mtoto ndizi. Ya tatu hawakuwepo. Ya nne ni ya mama anayeuza mabuyu, na hapo ndipo mambo yalinoga, kwani watoto wa ploti nzima walikuwa wamesikia. Baada ya robo saa walikuwa kumi na zaidi, midomo myekundu, ndimi nyekundu, rangi imewatiririka mpaka kidevuni. Wanyonya damu kamili, na mimi nilikuwa nimehangaika na shuka.

Jumapili, tarehe 2 Novemba, siku ambayo kanisa huwakumbuka marehemu wote. Tumepanda Sagalla. Kaburi la baba yangu liko nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka jikoni, na mama hulifagia kama anavyofagia ua. Binti alisimama mbali, punje ya buyu shavuni.

"Nyanya, Babu hutoka usiku kutisha watu?"

Mama hakuacha kufagia.

"Babu yako? Huyo alikuwa akiogopa panya."