Breki ya kupampu si breki

Ukimsikia dereva anamwachia mwenzake funguo na kumwambia "hii pampu mara mbili, inashika", jua kwamba gari hilo ni bovu na halipaswi kutoka stendi. Maneno hayo yamezoeleka mno kwenye njia za Kilosa na Mikumi. Tunaomba yaachwe.

Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa hula karibu mita 14 kila sekunde. Kwenye 80 hula mita 22. Ukikanyaga mara ya kwanza pedeli ikazama, ukarudia ndipo ikashika, sekunde moja imeshakwenda na nyati bado amesimama katikati ya lami. Ukishatoka hifadhini, kwenye mji wa Mikumi, anayevuka ni mtoto wa shule.

Ugonjwa wenyewe unapimika bila chombo chochote. Gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini inanguruma, kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida, shikilia, kisha hesabu polepole hadi 30. Pedeli nzima husimama mahali pamoja na kukaa hapo. Ikishuka kidogo pale tu unapowasha injini, usiogope: hiyo ni busta inaanza kusaidia mguu.

Kama pedeli inabonyea mithili ya sponji lakini ukiipampu inakaza, mara nyingi kuna upepo ndani ya paipu. Mafuta ya breki hayabanwi yakasinyaa. Upepo unabanwa, na nguvu ya mguu wako inaishia humo kabla ya kufika kwenye tairi. (Hapa wengine huchanganya. Malori makubwa na mabasi hutumia breki za upepo, na kwao upepo ndio unaofanya kazi. Kwenye Noah au Hiace, upepo huohuo ni hatari.) Kama pedeli ni ngumu lakini iko chini mno, huenda breki shuu za nyuma zimelika au hazijasetiwa.

Inayodanganya watu zaidi ni ile inayozama taratibu wakati mguu umetulia. Unachungulia chini ya gari, hakuna tone. Unafungua kopo la mafuta ya breki, limejaa. Basi watu husema gari ni zima. Hapo raba za ndani ya masta silinda zimechoka, na mafuta yanapita pembeni yake na kurudi yalikotoka. Dawa yake ni kubadilisha raba, au masta silinda nzima ikiwa ukuta wake umeliwa na kutu. Kuongeza mafuta hakusaidii kitu.

Mafuta yakipungua, tafuta yanakovujia. Pitisha kidole ndani ya tairi, upande usioonekana, na kwenye mpira wa breki unaoingia kwenye gurudumu. Kidole kikitoka kinateleza, umeshapata jibu. Na kama breki inalegea baada ya kushuka mlima Kitonga tu, kisha inarudi yenyewe gari likipoa, mafuta yamechemka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi joto 205 au zaidi, lakini hunywa unyevu wa hewani, na yakishanywa vya kutosha kiwango hicho hushuka hadi kukaribia 140. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, na ndiyo maana mlimani tunashuka kwa gia.

Tumeona tiba za njiani zinazotusikitisha. Paipu ya gurudumu linalovuja inakunjwa kwa plaizi na gari linaendelea na abiria likiwa na breki pungufu, tena likivuta upande mmoja. Oili ya injini inamiminwa kwenye kopo la breki, raba zote zinavimba, na uharibifu wa tairi moja unakuwa wa gari zima.

Kutoa upepo vizuri ni kazi ya watu wawili wenye subira. Fundi amelala chini ya gari, mpira mwembamba unatoka kwenye nati ya kutolea upepo na kuingia kwenye chupa tupu ya maji iliyotiwa mafuta ya breki kidogo. "Pampu! Shikilia!" Analegeza nati, vipovu vinatoka, anaikaza, ndipo anasema "achia". Kwa magari mengi huanza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, na kopo la juu haliachwi likauke. Fundi mzoefu huweka kipande cha ubao chini ya pedeli ya gari kuukuu ili isifike sakafuni, kwa sababu huko mwisho wa silinda ndiko kwenye kutu inayokata raba. Vijana wanaojifunza ufundi magari tungependa watoke chuoni na desturi ya ubao huo.

Kwa askari wanaokagua magari kwa ajili ya stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, ombi letu ni moja: kaeni kwenye kiti cha dereva, kanyageni, hesabuni hadi 30. Taa na vioo vinaonekana kwa nje. Masta silinda haionekani.

Lakini hatutamtwisha dereva mzigo wote. Anajua pedeli inazama. Mguu wake ndio wa kwanza kujua. Anatoka alfajiri kwa sababu jioni kuna hesabu ya kupeleka, na akilaza gari gereji siku nzima, deni ni lake. Tajiri ndiye mwenye gari, na spea ni zake. Siku gari limelala juu ya jeki kwa ajili ya breki, asidai hesabu ya siku hiyo.