Mizani Moja kwa Mtawala na Mchuma Chai



Hakuna kitabu kinachotajwa na wanasiasa wetu kama Biblia, wala hakuna wanachokitii kwa uchache zaidi. Hufungua mikutano kwa sala, hupanda mimbarani na bahasha mkononi, na wakikosolewa hutukumbusha Waraka kwa Warumi, sura ya 13, kwamba mamlaka hutoka kwa Mungu. Sisi twakubali. Na kwa kuwa yametoka kwa Mungu, aliyepewa hana budi kuyatolea hesabu.

Hatudai serikali ya makasisi. Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinasema hakutakuwa na dini ya taifa, nasi twakiunga mkono, kwani imani isiyoweza kusimama bila polisi si imani. Tunachodai ni kwamba maadili ya Biblia yawe kipimo cha maisha ya taifa, na wa kwanza kupimwa awe mtawala. Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, inamtaka mfalme ajiandikie nakala ya sheria na kuisoma maisha yake yote, asijirundikie fedha na dhahabu, asijione bora kuliko ndugu zake. Huo ndio utawala wa sheria. Naye Yethro, katika Kutoka, sura ya 18, alimshauri Musa kuchagua viongozi wasiopenda rushwa. Sura ya Sita ya Katiba yetu inadai jambo lilo hilo. Sheria tunayo, kinachokosekana ni hofu ya Mungu kwa wanaoapa kuilinda.

Tukitaka kuona maana ya kipimo hiki, tutazame hapa kwetu Kericho na Bomet. Mkulima mdogo hupeleka majani yake mabichi kituoni, naye karani huyapima. Torati inakataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia, zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Kilo inayoibwa kituoni na kura inayoibwa ni dhambi moja. Mwaka wa 1988 wapiga kura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea, na palikuwapo wenye mistari mifupi waliotangazwa washindi mchana peupe. Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikuwa limeupinga mlolongo tangu 1986. Liliambiwa linaingilia siasa. La hasha! Lilikuwa likitetea mizani.

Torati yakataza pia kusogeza mpaka wa jirani. Nabothi aliuawa kwa ajili ya shamba lake la mizabibu, na mauaji yale yalifanywa kwa barua zenye mhuri wa mfalme, baraza la wazee na mashahidi wawili. Kila kitu cha mahakama kilikuwapo, isipokuwa haki. Vivyo hivyo, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wakipsigis katika ardhi iliyokuja kuwa mashamba makubwa ya chai, na kwa sheria iliyotungwa 1934 ikawahamishia Watalai Gwassi. Mwaka wa 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliamua kwamba walidhulumiwa. Dhuluma haigeuki kuwa haki kwa kuandikiwa hati.

Lakini mizani ni moja, nasi pia lazima tupande juu yake. Septemba 1991 wanasiasa walikusanyika Kapkatet wakawatishia waliodai vyama vingi. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba mwaka uo huo, na mwaka wa 1992 nyumba zikateketezwa mpakani mwa Sotik na Kisii. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliwalaumu wanasiasa kwa uchochezi. Ndiyo, walichochea, lakini kiberiti kilishikwa na mkono wa jirani. Aliyenyang'anywa ardhi ya babu yake hakupewa ruhusa ya kumfukuza mchuma chai aliyezaliwa Kisii. Swali aliloulizwa Kaini kuhusu ndugu yake linatuhusu sote.

Linatuhusu pia mbele ya dada zetu. Februari 2023 shirika la BBC lilitangaza kwamba wanawake zaidi ya 70 wamesimulia kudhulumiwa kingono na wasimamizi wao katika mashamba ya chai. Taifa linalomtaka mama auze mwili wake ili apate kazi ya kuchuma majani lisijisifu kwamba Katiba yake inamtaja Mwenyezi Mungu.

Je, kanisa litasema nini ikiwa kinywa chake kimezibwa kwa sadaka ya mnyang'anyi? Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwakataza wanasiasa kuhutubu katika mimbari za Kianglikana. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo alikataa fedha zilizotolewa na Rais katika kanisa la Kikatoliki la Soweto, Nairobi. Mfano huo ufuatwe katika kila parokia na kila kanisa la kijijini, kuanzia Londiani hadi Sotik.

Kwa hiyo twawaomba, ndugu: rudisheni bahasha. Simameni kituoni majani yanapopimwa, na simameni kituoni kura zinapohesabiwa. Mkimtetea wa kwenu aliyedhulumiwa, mteteeni pia asiye wa kwenu. Nabii Nathani hakuchukua bunduki wala hakuunda chama. Alimwambia Daudi ukweli usoni pake, naye mfalme akatubu. Taifa letu halina upungufu wa wafalme. Linawahitaji akina Nathani.