Mpeni mama nauli ya kurudi

Mtoto akilazwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili kwa saratani ya damu, mama yake naye amelazwa. Mtoto ana kitanda na faili. Mama ana kanga aliyoitandika sakafuni. Asubuhi madaktari wanapita, mtoto anaandikiwa dawa na vipimo, mama haandikiwi kitu. Hapo ndipo matibabu mengi ya watoto wetu yanapoharibikia, na kila anayefanya kazi wodini analijua hilo.

Familia inayotoka Kigoma au Bukoba imekata zaidi ya kilomita 1,000 kufika Dar es Salaam ikiwa na barua ya rufaa. Kabla ya hapo imeshapita zahanati, hospitali ya wilaya, ya mkoa, labda na ya kanda ya Bugando. Mbuzi wameshauzwa. Watoto wengine wameachwa kwa bibi yao, genge la mama limefungwa, na nyumbani kuna ndugu anayesema mtoto amerogwa na pesa zinamwagwa bure. Mama anashuka stendi katika mji ambako hamjui mtu. Kisha anaambiwa matibabu ni ya miaka miwili hadi mitatu.

Hakuna anayekaa wodini muda wote huo. Hatua ya kwanza ikiisha mtoto anaruhusiwa, anapewa kadi yenye tarehe ya kurudi, na baada ya tarehe hiyo kuna nyingine, na nyingine. Kila tarehe kwenye kadi ile ni nauli ya watu wawili, kuja na kurudi, pamoja na chakula cha njiani na mahali pa kulala. Dawa inaweza kuwa ya bure kabisa na bado mtoto asiipate, kwa sababu iko Muhimbili na yeye yuko Kasulu, Kigoma.

Watu hupenda kusema wazazi wa vijijini hawaelewi. Wanaelewa sana. Saratani ya damu ina hila yake: baada ya mwezi mmoja hivi wa dawa, mara nyingi homa inakatika, damu inapanda, mtoto anadai chakula na kukimbizana na wenzake. Seli mbaya zilizobaki hakuna jicho linaloziona. Sasa mweke mzazi kati ya mtoto anayecheza uani na nauli asiyokuwa nayo. Akope tena? Kwa nani, ikiwa deni la safari iliyopita bado? Anaiacha tarehe moja ipite, anaiacha ya pili. Baada ya miezi ugonjwa unarudi ukiwa mkali zaidi, na zile dawa za mwanzo haziushiki tena kama zamani. Ni kuipua maharage kwa kuwa yameanza kunukia, kabla hayajaiva. Tena haya, ukishayaipua, kuyarudisha jikoni ni kazi nyingine kabisa.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2018 mpango wa kuhakikisha angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wanapona ifikapo mwaka 2030. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 wanapona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Kuchelewa kugundua ugonjwa na uhaba wa dawa ni sababu kubwa, hatubishi. Lakini shirika hilohilo limetaja pia kuachwa kwa matibabu njiani, na hii ndiyo sababu ambayo haihitaji mashine mpya wala daktari bingwa kuiondoa. Inahitaji tiketi ya basi.

Wapo waliolitambua hilo zamani. Mwaka 1974, mjini Philadelphia, Marekani, daktari wa saratani za watoto Audrey Evans alichoka kuwaona wazazi wakilala kwenye viti vya hospitali. Ikatafutwa nyumba karibu na hospitali, yenye vitanda na jiko, na mfano wake ukaenea nchi nyingi. Hapa kwetu, shirika la Tumaini la Maisha, linaloshirikiana na Muhimbili kuwatibu watoto wenye saratani, halikuishia kwenye dawa. Linazisaidia familia kwa malazi na usafiri. Tunalishukuru. Ila wajibu wa nchi hauwezi kuegemezwa kwenye michango ya wasamaria, ambayo mwaka huu ipo na mwakani haijulikani.

Tena saratani ni kipande tu cha jambo hili. Yuko mtoto wa kichwa kikubwa aliyewekewa mpira wa kupitisha maji, ambaye lazima aangaliwe tena na tena maana mpira huziba. Yuko aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, anayetakiwa kubadilishiwa plasta kila wiki kwa wiki kadhaa mfululizo, na kwa mama wa kijijini kila wiki ni mlima. Yuko wa moyo, aliyefanyiwa upasuaji vizuri na kuambiwa arudi kliniki. Wote hawa serikali imeshatumia fedha nyingi kwao. Kumkosesha mtoto wa namna hii nauli ni sawa na kujenga nyumba hadi juu kisha ukakataa kununua bati.

Visingizio tunavijua. Kwamba ukitoa fedha zitaliwa: basi usitoe fedha, toa tiketi, maana tiketi za mabasi siku hizi zinakatwa kwa simu na jina la abiria linaandikwa. Kwamba kila mtu atataka: ni nani atakayemfanya mwanawe augue makusudi ili apate safari ya kulala kwenye basi? Kwamba bima inakuja: sawa, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na tunaitakia heri, lakini kadi ya bima humtibu mtoto akishafika dirishani. Haimtoi Kasulu.

Kwamba hakuna fungu? Halmashauri zinajua kutenga zinapoagizwa. Asilimia 10 ya mapato yao ya ndani hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na ni jambo jema. Hatuombi asilimia 10 nyingine. Watoto wa rufaa katika wilaya moja si umati, na majina yao yamo katika daftari la hospitali iliyoandika barua. Halmashauri iliyomtuma mtoto mbali imlipie yeye na mlezi wake tiketi ya kwenda na ya kurudi kila tarehe ya kliniki, hadi daktari aseme basi. Hospitali za kanda na za taifa ziwe na nyumba ya walezi jirani, yenye jiko na maji ya kuoga. Na kila kliniki iwe na muuguzi mmoja mwenye orodha na simu, ili mtoto asipoonekana Jumatatu, Jumanne mama apigiwe na kuulizwa, kwa upole, amekwama wapi.

Hilo la simu linaweza kuanza wiki hii. Halingoji bajeti wala mfadhili.

Kila Septemba, mwezi wa saratani za watoto, tunafunga utepe wa dhahabu na kupiga picha na watoto wodini. Mama aliyeketi pembeni ya kitanda kile, aliyeshika kadi ya tarehe ijayo, bado hajui atarudije.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Waheshimiwa madiwani, mnapokaa kupitisha bajeti, tafuteni kifungu cha nauli ya mtoto wa rufaa. Kama hakimo, kiandikeni.