Bastola chini ya kiti, kijana wangu mahabusu



Nina sehemu ya kuoshea magari hapa Buhemba, wilayani Butiama, mwaka wa saba sasa. Anayetaka kujua siri za mji wa dhahabu asihangaike kuuliza watu, aje ainue kapeti za magari. Tumeokota hirizi, pete za ndoa, burungutu la noti lililosahauliwa (tulilirudisha, mashahidi wapo), na mara tatu tumeokota bastola.

Sizungumzii bastola za majambazi. Zote tatu zilikuwa za watu wenye leseni, wanaoheshimika, wanaokaa viti vya mbele kwenye harambee. Moja ilikuwa imeviringishwa kwenye taulo chini ya kiti cha dereva. Kijana aliyekuwa ananyonya vumbi aliivuta akidhani ni spana, akaniita: "Mzee, njoo uone." Nikamwambia aiweke chini taratibu asiguse tena kitu. Mwenyewe alikuwa ng'ambo ya barabara anakula mbuzi choma. Akaja anacheka: "Msiogope, hiyo haina kitu." Akachomoa magazini mbele yetu. Ilikuwa imejaa. Kicheko kikaisha, akatuachia elfu tano ya soda.

Hiyo ningeimeza. Ya mwaka juzi ndiyo imenikaa kooni.

Ilikuwa siku ya mnada, magari yamepanga foleni. Mnunuzi mmoja wa dhahabu akatuachia gari, tukaliosha, akalipa, akaondoka. Baada ya saa moja akarudi na askari. Bastola yake, alisema, aliiacha kwenye droo ya dashibodi, na sasa haimo. Aliyefuta dashibodi siku hiyo ni kijana niliyemlea tangu wazazi wake wafariki. Akalala mahabusu siku nne. Nilipeleka chakula asubuhi na jioni, nikarudi na vyombo na maswali yale yale. Siku ya tano simu ikapigwa kutoka gesti moja mjini Musoma: mgeni aliyelala chumba alichokuwa amelala bwana yule ameikuta silaha chini ya godoro. Haikuwahi kufika Buhemba siku ile.

Kijana aliachiwa jioni bila maelezo, bila pole, bila hata nauli ya bodaboda. Bwana yule hajaleta tena gari kwangu. Nadhani ni aibu, au labda kwa sababu nilitangaza kwamba kwake bei imepanda.

Mhariri, katika siku zote tano sikusikia hata mtu mmoja akimuuliza mwenye silaha swali dogo tu: kwa nini unaweka bastola kwenye droo ya plastiki ambayo mwanangu wa darasa la nne huifungua kwa mpini wa kijiko?

Siwabezi wanunuzi. Dhahabu ya Buhemba ilichimbwa tangu enzi za mkoloni, ikapita mikononi mwa kampuni ya Meremeta, ikaja STAMICO, shirika la madini la taifa, na leo inayozungusha mji ni ya wachimbaji wadogo kwenye maduara yao. Masoko ya madini yalianzishwa mwaka 2019, lakini mtu bado anabeba fedha taslimu kuja kwenye makarasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na anarudi na mzigo mfukoni kupitia barabara ya giza. Ningekuwa yeye, huenda nami ningeomba leseni. Nasema tu kwamba gari lina vioo, na kioo hakihitaji ufundi, kinahitaji jiwe. Hata Marekani, ambako bunduki za raia ni nyingi kuliko raia wenyewe, takwimu zao zinaonyesha kwamba gari limekuwa mahali pa kwanza pa kuibiwa bunduki. Wale wana kengele na kamera. Sisi tuna mlinzi mwenye rungu, anayesinzia.

Na ikiibiwa huku kwetu haiendi mbali. Mkoa huu ndio wenye Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Tarime na Rorya, na kila mwana Mara anajua sababu ni ng'ombe na ugomvi wa koo. Bastola haiangushi nyati wa Serengeti, lakini usiku wa manane inatosha kabisa kumnyamazisha mwenye zizi. Julai 2015 majambazi walivamia kituo cha polisi cha Sitakishari, Dar es Salaam, wakaua askari na kubeba bunduki. Kama walithubutu kufuata silaha kwenye kituo chenye askari, gari lililoegeshwa nje ya baa wataliogopa kwa lipi?

Mimi nilipita JKT Rwamkoma, si mbali na hapa. Kule bunduki ina namba kama mtoto wa shule. Unakula nayo, unaoga iko mbele ya macho, na ikipungua moja ghalani kombania nzima hailali. Raia naye ana namba kwenye kitabu chake cha silaha. Uhakiki wa mwaka 2016 ulipita nchi nzima, watu wakapanga foleni na bastola zao zikatazamwa. Zilionekana vizuri. Zinakolala hazikufuatwa.

Na hapa nijitaje na mimi. Maombi ya silaha huanzia serikali ya kijiji kabla ya kupanda kata, wilaya na mkoa. Niliwahi kuketi kwenye kikao kama hicho. Tulimchambua mwombaji: pombe yake, hasira zake, kesi ya mpaka na jirani. Tukauliza kama nyumbani ana sefu, akasema anayo. Kuhusu gari, ambamo anashinda kutwa, hatukuuliza neno, wala mimi.

Kuna jambo jingine. Ukifika mlangoni mwa benki utakuta picha ya bastola imekatwa mstari mwekundu. Vizuri. Sasa aliyekuja nayo aiache wapi? Anarudi kwenye gari, anaisukuma chini ya kiti, mbele ya macho ya wauza karanga wote. Tumeikataza mlangoni bila kusema iende wapi, na anayejua zaidi ilikokwenda ni yule anayemvizia.

Ombi langu kwa kamati za ulinzi na usalama, kuanzia kijijini, ni kwamba mwombaji mwenye gari aonyeshe na kasha la chuma lililofungwa ndani ya gari hilo. Halihitaji kuagizwa nje. Mafundi wetu wa kuchomelea wanaounda makarasha wanaweza kulitengeneza kwa bati la milimita tatu, boliti zipite kwenye sakafu ya gari na nati zichomelewe, kufuli liwe ndani. Mtu alitumie kwa dakika zile za benki tu, risasi zikiwa zimetolewa. Akienda baa au kulala, silaha ibaki kwenye sefu nyumbani. Na silaha ikipotea garini, wa kwanza kukaa kwenye benchi la kituo na kuandika maelezo awe mwenye leseni. Mwosha gari afuate, kama ushahidi utamfikia.

Wakati nasubiri, nimebandika kibao langoni kwangu: SHUKA NA SILAHA YAKO. Siku ya kwanza mteja mmoja alikisoma akiwa kwenye usukani, akanitazama, akarudisha gari nyuma na kuondoka na vumbi lake.

Mwosha magari (jina limehifadhiwa),
Buhemba, Butiama,
Mara.