Mtunza Mzee Naye Amefiwa



Mwezi huu twataka kunena habari za mtu asiyeonekana matangani: yule aliyemtunza mzee. Katika milima yetu ya Usambara, toka Mtae na Mlalo hata Soni na Bumbuli, vijana wengi wameshuka kwenda Tanga na Dar es Salaam kutafuta kazi. Mzee amebaki na mkaza mwana, au mjukuu, au msichana wa jirani apewaye ujira. Huyo ndiye akokaye moto wakati wa baridi ya Julai, ndiye apikaye uji, ndiye amwogeshaye. Wako pia watunzaji wa makao ya wazee, kama Sebleni na Welezo huko Unguja. Lakini Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yaliweka jambo hili kwanza juu ya jamaa, na makao ni kimbilio la wasio na mtu.

Basi jioni mzee amekula na kucheka. Asubuhi aonekana amekufa. Watoto wake wafika, wapewa pole, waketi mbele. Mtunzaji yuko jikoni, apikia wageni. Na lililo baya zaidi, watu wanong'ona: “Alimpa nini usiku? Mbona hakuita watu?” Mnong'ono wa namna hii huweza kugeuka shutuma ya uchawi, na mtu asiye na kosa akaharibiwa maisha yake.

Yatupasa kujua ukweli. Kwa mtu wa umri mkubwa, moyo waweza kusimama ghafula; mshipa wa ubongo waweza kuziba au kupasuka. Hayo hutokea hata usingizini, pasipo sauti. Na hata hospitalini si wote waokolewao. Kama daktari yupo, na aombwe aeleze sababu mbele ya jamaa wote, mtunzaji naye akiwapo.

Huzuni ya mtunzaji ina namna yake. Usiku huamka akidhani ameitwa. Alfajiri hushika sufuria ya uji, kisha akumbuka. Huo si wazimu. Huko London, daktari Cicely Saunders alifungua nyumba ya St Christopher's mwaka 1967 kwa ajili ya wagonjwa wasio na tumaini la kupona. Na humo walijifunza kwamba kazi haikomi mgonjwa akifa, bali waliobaki nao wahitaji kuangaliwa.

Nasi tufanye hivi. Mtunzaji aketi pamoja na wafiwa, na wengine wapike. Aulizwe habari za siku za mwisho kama shahidi mpendwa, wala si kama mshitakiwa. Alipwe ujira wake wote, wala asiondoshwe nyumbani siku ya maziko. Asikabidhiwe mzee mwingine kabla ya kupumzika. Nawe mwalimu, rudi kwake baada ya matanga kuondoka, wageni wakiisha kwenda zao, ukae umsikilize. Ukiona miezi yapita naye hali wala halali, au asema afadhali kufa, usingoje, mpeleke hospitali.

Na siku ya maziko, waombewapo watoto wa marehemu, jina la mtunzaji litajwe pamoja nao.