Sindano Tuliyoiahirisha

Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo: mbwa anayelala mlangoni petu, na paka anayekamata panya jikoni. Labda mtu atacheka na kusema: «Watoto hawana viatu, nanyi mwatufundisha kutunza mbwa!» Nasi zamani tulicheka vivyo hivyo. Leo hatucheki tena, na sababu yake twawaeleza bila kujificha.

Hapa Lubumbashi, katika mtaa wetu, iko nyumba ndogo ya mganga wa wanyama. Si hospitali kubwa. Ina vyumba viwili, meza moja yenye bati juu, friji ya kuwekea dawa za chanjo, na benchi chini ya mwembe. Asubuhi hukaa pale watu wa kila namna: mama mwenye kuku kikapuni, kijana aliyefunga mbwa kwa kamba, mtoto aliyeficha paka ndani ya shati lake. Umeme ukikatika, mganga huhamisha dawa zake upesi katika sanduku la barafu, maana chanjo iliyopata joto yaweza kupoteza nguvu.

Miaka mitatu tulipita mbele ya benchi lile kila siku tukienda shuleni, wala hatukuingia. Mbwa wetu, jina lake Simba, alikuwa mzima. Alikula mabaki ya bukari, alibweka usiku, na wezi walikwepa lupango letu. Basi tukawaza: aliye mzima ana haja gani na mganga? Kila tulipopata mshahara tulisema: «Mwezi ujao.»

Mwaka jana, mwisho wa kiangazi, mbwa asiyejulikana aliingia kwetu jioni. Mate yalimtoka, na mwendo wake ulikuwa wa kuyumba. Simba akamrukia, wakaumana. Mtoto wetu wa kiume, mwenye miaka minane, akatupa daftari zake akakimbia kumvuta Simba kwa ukanda wa shingoni. Majirani wakaja na fimbo, wakamwua mbwa mgeni, wakamtupa shimoni. Tulimwuliza mtoto: «Umeumwa?» Akajibu: «Hapana, Baba.» Alijibu hivyo kwa kuwa tulikuwa tumemkataza mara nyingi kuingilia ugomvi wa mbwa, naye aliiogopa fimbo yetu kuliko meno ya mbwa.

Siku ya tatu mama yake, alipokuwa akimpaka mafuta, aliona alama mbili za meno nyuma ya mkono, zimeanza kukauka. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini ni nani aliyemfundisha mtoto yule kuficha? Ni sisi.

Jirani mmoja alileta jiwe jeusi, lile ambalo watu hubandika penye jeraha la nyoka. Mwingine alishauri pilipili. Sisi wenyewe, tuliosoma miaka mingi na kufundisha wana wa watu, tulisema: «Jeraha limekauka, tungoje.» Mama wa mtoto hakungoja. Alimshika mkono, akamkimbiza kwa mganga wa wanyama, kwa kuwa ndiko karibu.

Mganga akamrudisha kikapuni kuku aliyekuwa akimtazama, akauliza maswali matatu: «Mbwa yule ni wa nani? Alitembea namna gani? Yuko wapi sasa?» Aliposikia majibu, alimpeleka mtoto kwenye bomba, akaliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15 kwa saa yake. Kisha akasema: «Mama, kazi yangu ni wanyama, siwezi kumtibu mtoto huyu. Nenda hospitali sasa hivi, si kesho. Waambie ameumwa na mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa.»

Kwa nini haraka hiyo? Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia katika jeraha, husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu. Pengine juma moja tu, pengine mwaka mzima. Muda huo wote mtu hucheza, hula, hulala kama kawaida, na jeraha lake hupona. Lakini siku dalili zinapotokea, naye akashindwa kumeza na kuogopa hata maji ya kunywa, karibu hakuna dawa ya kumwokoa. Kumbe kukauka kwa jeraha si habari njema hata kidogo.

Kinga yake haikuanza jana. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alisimamia kuchanjwa kwa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa. Mtoto yule akapona, akawa mtu mzima. Hata hivyo, zaidi ya miaka 130 baadaye, Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Asia na Afrika. Karibu wote wameupata kwa mbwa, na kati ya watu 10 wanaokufa, wanne ni watoto wasiofikia miaka 15.

Katika hospitali ya kwanza chanjo ilikuwa imekwisha. Tuliipata mahali pengine, jua likiwa limekwisha kuchwa, na ili kuilipa tuliuza baiskeli yetu. Mtoto alipigwa sindano zote kwa siku zilizopangwa, bila kukosa hata moja. Yu mzima hata leo.

Lakini Simba naye alikuwa ameumwa. Mganga alikuja nyumbani, akamtazama, akaketi nasi kama mtu aletaye habari za msiba. «Bwana mwalimu,» alisema, «kama mbwa huyu angalikuwa amechanjwa, ningalimchanja tena leo, nanyi mngalimchunga nyumbani siku kadhaa tu. Hakuchanjwa. Kwa hiyo mnayo mashauri mawili: kumfungia miezi mingi mahali asipoguswa na mtu wala mnyama, au kumlaza kwa sindano.» Lupango letu ni dogo, na watoto wa majirani huingia na kutoka mchana kutwa. Hatukuwa na mahali pa kumfungia.

Simba alipokuwa akilala usingizi ule wa mwisho, mtoto alituuliza: «Baba, Simba amekosa nini?» Tumefundisha miaka mingi, na maswali magumu twayajua. Lile hatukuweza kulijibu. Simba hakukosa neno. Alilinda lupango kama tulivyomfundisha. Aliyekosa ni yule aliyesema «mwezi ujao».

Basi, wazazi wapenzi, yapokeeni mashauri haya yaliyotugharimu sana.

Kwanza, mbwa na achanjwe akipata miezi mitatu, na chanjo irudiwe kwa wakati atakaoandika mganga katika kitabu chake. Paka naye vilevile, maana huweza kuugua. Wataalamu wasema kwamba mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa katika mtaa, ugonjwa hukosa njia. Anayemchanja mbwa wake, basi, amlinda na mtoto wa jirani.

Pili, mtu akiumwa, hata kwa mkwaruzo mdogo wa meno, aoshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, dakika 15, kisha apelekwe hospitali. Jiwe, pilipili, majivu: vyote hivyo hupoteza wakati. Mbwa aliyeuma, kama mwenyewe anajulikana na aweza kukamatwa bila hatari, afungwe na kutazamwa siku 10. Lakini mgonjwa asingoje siku hizo ndipo aanze matibabu.

Tatu, jueni dalili. Mbwa mpole anageuka mkali, au mkali anageuka mpole kupita kiasi, anauma miti na mawe, sauti inabadilika, taya linalegea na mate yanatiririka. Msimtie mkono kinywani mkidhani amekwamwa na mfupa.

Nne, msimpe mnyama dawa za watu kwa kukisia. Paracetamol iwatulizayo watu homa huweza kumwua paka, hata kidonge kimoja. Minyoo ya mbwa nayo huweza kuwaingia watoto wachezao mchangani. Kwa hiyo ulizeni dawa ya minyoo siku ile ile ya chanjo. Na maji safi kila siku, na kivuli, hivyo havina bei.

Sasa tunaye mbwa mwingine, mwenye madoa. Alipotimiza miezi mitatu, mtoto wetu ndiye aliyemchukua mpaka kwenye benchi la chini ya mwembe, na kitabu cha chanjo hukiweka pamoja na daftari zake. Sisi tuliketi karibu naye, tukingoja zamu yetu nyuma ya mama mwenye kuku.

Limebaki neno moja, nalo halihitaji fedha. Leo jioni, kabla watoto hawajalala, waambieni hivi: «Ukiumwa na mbwa, njoo utuambie. Hata kama ulikosa, hutapigwa.» Kisha litimizeni neno hilo. Sisi hatukulisema kwa wakati wake, na lilikaribia kutugharimu mtoto.