Baiskeli kuukuu si chuma chakavu

Wahenga walitwambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi walimu wa Kiswahili huwafunza wanafunzi methali hiyo kila mwaka, nao huiandika katika insha zao na kupata alama. Kisha sote, walimu kwa wanafunzi, hutoka nje ya darasa na kuishi kana kwamba haikupata kusemwa.

Hayo yalinijia akilini muhula uliopita pale mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, msichana anayesomea ualimu, aliponifuata ofisini. Nilikuwa nimemkemea kwa kuchelewa vipindi vya saa mbili asubuhi. Amepanga chumba umbali wa kilomita saba kutoka chuoni, na kuna siku hukosa nauli. "Mwalimu," akaniambia, "naomba ushauri usiohusu isimu." Alikuwa amenunua baiskeli kuukuu ya mitumba kutoka Ulaya, ile aina ya mashindano yenye magurudumu membamba na mikono iliyopinda kama pembe za kondoo dume. Aliinunua kwa shilingi 4,500. Fundi aliitazama akadai shilingi 6,200 kuitengeneza. Wenzake walimcheka. Nani, walimwuliza, hushona kiraka kinachozidi bei ya nguo?

Swali hilo ni zito kuliko linavyodhaniwa, na aghalabu hujibiwa kwa haraka. Tumezoea kulinganisha gharama ya kutengeneza na bei ya kununulia, tukiona ya kwanza imezidi ya pili tunaamua kuwa chombo hakifai. Kipimo hicho, kwa maoni yangu, ni kibovu. Bei ya mtumba hutueleza tu jinsi muuzaji alivyokuwa na haraka ya kuuondoa kibandani. Haitwambii kazi ambayo chombo kitafanya kikishapona.

Hebu tupige hesabu. Binti huyu hutumia shilingi 100 kwa siku, kwenda na kurudi. Baiskeli pamoja na matengenezo ingemgharimu shilingi 10,700, yaani nauli ya siku 107 za masomo. Muhula wenye majuma 14 una siku 70 za masomo. Kwa hivyo baada ya muhula mmoja na nusu, gharama yote ingekuwa imerudi, na kila kilomita baada ya hapo ni faida, ukiondoa pancha na mafuta ya mnyororo. Ikumbukwe pia kuwa baiskeli mpya ya bei nafuu aliyoionyeshwa dukani ilikuwa shilingi 14,000.

Hata hivyo, sisemi kuwa kila kilicho kikuukuu kinastahili kuokolewa. La hasha! Kuna baiskeli ambazo kuzitengeneza ni kutwanga maji kinuni. Ndiyo maana sikumjibu binti yule papo hapo. Nilimwambia twende kwa fundi, tukaitazame.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni fremu, kwa kuwa hiyo ndiyo mifupa. Fundi aliipindua baiskeli, akapitisha kidole chini ya bomba la mbele pale yanapokutana mabomba mawili marefu. Rangi iliyojikunja au chuma kilichovimba mahali hapo ni ushahidi kwamba baiskeli iligonga kitu kwa kishindo. Fremu ya chuma cha pua au chuma cha kawaida yenye ufa mdogo yaweza kuchomelewa na fundi stadi. Ya alumini haipaswi kuchomelewa kiholela, maana joto huipunguzia nguvu. Fremu ikiwa imepinda, safari ya matengenezo ikomee hapo.

La pili ni sehemu zinazolika. Chukua rula, hesabu pingili 24 za mnyororo kutoka pini hadi pini. Urefu wake unapaswa kuwa inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, mnyororo umechoka na unahitaji kubadilishwa. Ukizidi kwa sehemu moja ya 8, yamkini hata meno ya gurudumu dogo la nyuma yameliwa, na mnyororo mpya utakuwa ukiruka juu yake. Kisha zungusha magurudumu na usikilize. Gololi kavu hulia, lakini dawa yake ni grisi na gololi mpya za bei ndogo. Breki nazo zisifanyiwe ubahili hata kidogo. Rimu za chuma zinazong'aa hushika vibaya mno mvua inaponyesha, kwa hiyo mwenye kuweza kupata za alumini na azipendelee.

La tatu ni upatikanaji wa vipuri, na hapa ndipo mwanaisimu nilipojikuta nyumbani. Binti yule alikuwa tayari amepoteza shilingi 800 kwa tairi lisilotoshea. Aliona limeandikwa 28, na rimu yake pia ni ya 28. Kumbe 28 ya baiskeli zetu nyeusi za mizigo hukalia rimu ya kipenyo cha milimita 635, ilhali 28 ya baiskeli nyingi za mitumba kutoka Ulaya hukalia rimu ya milimita 622. Hizo ni homonimu: umbo moja, maana mbili. Na hiyo ya milimita 622 ndiyo wengine huiita 700, na wale wa baiskeli za milimani huiita 29. Hizo nazo ni sinonimu. Zipo pia baiskeli za zamani za mashindano zenye rimu ya inchi 27, ambayo ni milimita 630, na matairi yake ni adimu sana siku hizi. Msomaji asidanganywe na jina. Atafute ubavuni mwa tairi nambari mbili zilizounganishwa kwa kistari, mathalani 32-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokalia rimu. Hiyo ya pili isipolingana na rimu, asitoe pesa mfukoni.

Wapo watakaosema kwamba baiskeli ya mashindano haifai katika barabara zetu za changarawe na mashimo. Hoja hiyo ina mashiko. Matairi ya upana wa milimita 23 yatamtesa mpandaji na kupasuka kila juma. Lakini fremu nyingi za zamani zina nafasi kubwa kati ya tairi na breki. Ya binti huyu ilikubali matairi ya milimita 32 bila kusuguana. Laiti isingekubali, ningemshauri aiuze.

Nakiri kwamba sikuwa na hekima hii siku zote. Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na mpaka wa Busia. Alikuwa na baiskeli nyeusi, ile tuliyoiita Black Mamba, iliyombeba yeye, vitabu vyake na mara kwa mara gunia la mahindi. Mwaka 2012, nilipohitimu shahada ya uzamifu, niliona aibu kumwona mzazi wa daktari akipanda chuma chenye kutu. Nikamnunulia mpya iliyong'aa, yenye gia nyingi, na ile kuukuu nikaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyeipima kwa mizani. Kabla ya mwaka kwisha gia zilikuwa zimeng'oka na fremu imepasuka. Baba hakunifokea. Aliniambia tu, "Mwanangu, uliniuzia miguu kwa kilo." Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda hicho hakijapona.

Kinachonishangaza ni kuwa lugha yetu imekuwa na busara kutushinda. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini. Lilipokuja gari, na kabla yake baiskeli, Waswahili hawakulitupa neno hilo, bali walilipa kazi mpya. Rubani aliongoza meli kabla ya kuongoza ndege. Hata jina boda boda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwavusha abiria na mizigo kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Leo limehamia kwenye pikipiki, na wengi wamesahau kuwa aliyelibeba kwanza hakuwa na injini. Neno zee lenye mifupa mizima hutiwa viungo vipya likaendelea na safari.

Lakini ufundi wa kuvitia vyuma viungo vipya tumeuachia vibanda vya kando ya barabara, tena kwa dharau. Fundi tuliyemwendea hakupita kidato cha pili, ilhali alinifafanulia kwa nini spoki za upande mmoja wa gurudumu la nyuma hukazwa zaidi ya za upande wa pili, kwa ufasaha ambao ningeutamani kwa baadhi ya wanafunzi wangu wa uzamili. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikusudia kumpa mtoto ujuzi wa mikono, lakini baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Sasa tuna mtaala wa umilisi unaochukua nafasi yake. Umilisi gani, basi, anao kijana anayejua kueleza msuguano katika karatasi ya mtihani lakini hawezi kuziba pancha?

Tunao mfano papa hapa nchini. Huko Kikuyu, David Kinjah amewalea vijana katika kundi la Safari Simbaz, wakijifunza kuendesha baiskeli na kuzitengeneza pia. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alipitia mikononi mwa Kinjah kabla ya kushinda mashindano ya Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Ni kweli kwamba ushindi huo haukuletwa na baiskeli kuukuu. Lakini safari haikuanzia kwenye baiskeli ya kitajiri wala uwanja wa kifahari.

Rai yangu kwa walimu wakuu na wasimamizi wa vyuo ni ndogo. Tengeni kibanda kimoja, spana chache, pampu, solusheni na vipande vya mpira. Mwiteni fundi wa karibu mara moja kwa juma, mumlipe kama mnavyomlipa mgeni yeyote wa heshima. Wanafunzi wengi wana baiskeli zinazoozea nyuma ya nyumba zao kwa kukosa kipuri kidogo. Hakuna haja ya kungoja bajeti ya serikali kwa jambo kama hili.

Kuhusu binti yule, fundi aliipata fremu yake nzima. Alilipa kwa awamu mbili: matairi, tyubu na breki kwanza, kisha mnyororo, gololi na ufundi. Juma lililopita alinijia na mikono yenye grisi kuniomba radhi kwa kuchelewa dakika tano, kwani tairi lilitoboka njiani akaliziba mwenyewe. Nilimsamehe kabla hajamaliza sentensi.

Basi, mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikuletea baiskeli kuukuu akuulize kama inafaa, usimjibu ukiwa umeketi. Ipindueni, mpitishe kidole kwenye maungio ya fremu, mzungushe gurudumu. Ikiwa mifupa ni mizima, vipuri vinapatikana na mwenyewe yuko tayari kuipanda kila siku, mwambie aitengeneze. Moja kati ya hayo likikosekana, aiuze bila majuto. Lakini asiiuze kwa kilo kabla haijatazamwa.